KWA NINI MCHIKICHI HUU UNAZAA NA ULE HAUZAI
Sayansi ya jeni za mimea, na kazi wanazoweza kuzipata vijana wetu



Katika mikutano ya mitaa wazazi wengi wameuliza swali moja: mtoto aliyemaliza sekondari katika biokimia atafanya kazi gani, na hayo aliyosoma kuhusu jeni yana faida gani kwa mtu anayeishi kambini? Wengine husema wazi kwamba afadhali mtoto ajifunze kushona, kwa sababu cherehani inaonekana na jeni haionekani. Swali hilo ni la haki. Ukurasa huu utajaribu kulijibu kwa kutumia mti ambao wengi wetu tunaujua tangu utoto, yaani mchikichi, mti wa mawese. Waliotoka Fizi, Baraka na Uvira wanaujua. Wenyeji wetu wa Rumonge, hapa Burundi, wanaujua vilevile.

MBEGU YA KUOKOTA

Kwetu, mtu akitaka kupanda michikichi huenda chini ya mti unaosifiwa, huokota ngazi zilizodondoka au hung'oa miche iliyojiotea, kisha huipeleka shambani kwake. Halipi kitu. Miche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima, halafu huhamishiwa shambani, na hapo mtu husubiri miaka mitatu au zaidi ndipo aone mikungu ya kwanza. Wakati huo ndipo maneno huanza. Miti mingine huzaa tunda lenye nyama nyingi na ganda jembamba ndani. Mingine huzaa tunda lenye ganda nene kama jiwe, na nyama kidogo ya kukamua. Na mingine hunenepa vizuri, hutoa maua mengi kuliko yote, lakini mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Majirani husema shamba limerogwa, au kwamba aliyekupa mbegu alikuwa na roho mbaya. Wako ndugu wa damu waliofikishana mbele ya wazee kwa sababu ya miche ya namna hiyo.

Hakuna aliyeroga. Jambo hili lina hesabu yake, na hesabu hiyo ilipatikana katika nchi yetu wenyewe, Kongo.

YANGAMBI, MWAKA 1941

Yangambi iko kando ya mto Kongo, chini ya Kisangani. Wakati wa ukoloni Wabelgiji walianzisha huko kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, cha shirika lililoitwa INEAC, lililoundwa mwaka 1933. Leo kituo hicho ni cha INERA. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza walichokiona baada ya kuzalisha michikichi kwa mkono na kuhesabu watoto wake mti kwa mti.

Aina za michikichi zenye majina ni tatu. Ya kwanza ni dura, yenye ganda nene. Ya pili ni pisifera, isiyo na ganda, lakini kwa kawaida mti huo ni tasa upande wa kike: maua yake ya kike hayafikishi matunda. Ya tatu ni tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ambayo hutoa mafuta zaidi ya dura kwa kadiri ya asilimia 30. Watu walidhani tenera ni kabila la mchikichi linalojitegemea. Watafiti wale wakaonyesha kwamba sivyo: tenera ni mtoto wa dura na pisifera.

Tuchukue mfano. Kila mti umebeba vijiwe viwili vya jambo hili la ganda, kimoja kutoka kwa mama na kimoja kutoka kwa baba. Dura ina vijiwe viwili vyeupe. Pisifera ina viwili vyeusi. Tenera ina kimoja cheupe na kimoja cheusi. Mti unapozaa humpa mtoto kijiwe kimoja tu, na hauchagui. Ukioanisha dura na pisifera, kila mtoto atapata cheupe huku na cheusi kule, hivyo wote watakuwa tenera. Ndiyo mbegu inayouzwa na vituo vya utafiti.

Sasa oanisha tenera na tenera. Chukueni mifuko miwili, kila mfuko mtie punje ya haragwe jeupe na punje ya haragwe jeusi, na watoto watoe punje moja katika kila mfuko bila kuangalia. Wakirudia mara nyingi mtaona yenyewe: katika kila mara nne, moja ni nyeupe kwa nyeupe, mbili ni mchanganyiko, moja ni nyeusi kwa nyeusi. Maana yake, miche 100 iliyotoka kwenye tenera zilizozaana zenyewe itatoa karibu dura 25, tenera 50 na pisifera 25. Robo nzima ya shamba haitazaa. Yule ndugu aliyetoa mbegu alitoa kutoka mti wake bora, kwa moyo safi, na bado robo ikawa tasa.

GANDA NI MWILI WA MAMA

Hapa pana jambo linalowadanganya hata wakulima wenye uzoefu, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Mtu huokota ngazi, huipasua kwa kisu, huona ganda jembamba na kusema: hii ni mbegu nzuri. Lakini ganda la tunda ni sehemu ya mwili wa mti mama. Linakuambia mama ni nani. Mtoto yuko ndani ya kiini, na nusu ya urithi wake imetoka kwa baba ambaye humjui, kwa kuwa chavua, ule unga wa maua ya kiume, huletwa na upepo na hasa wadudu. Kwenye mti mmoja maua ya kiume na ya kike hutoka kwa zamu, nyakati mbalimbali, hivyo mara nyingi baba ni mti mwingine. Ukizungukwa na dura za majirani, nusu ya watoto wa tenera yako watakuwa dura.

Kwa sababu hiyo kisu kinafaa kukuonyesha mti wa kukamua mafuta, hakifai kukuchagulia mbegu. Wanaozalisha mbegu kwa kazi huvisha ua la kike mfuko kabla halijafunguka, hupuliza ndani chavua ya pisifera waliyoikusanya wenyewe, huandika tarehe kwenye kibao, na hufunga tena. Ile pisifera ambayo mkulima angeikata kwa hasira, kwao ndiyo dume la thamani.

Na safari za mbegu hizi zinashangaza. Mchikichi ni mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na uzao wake ndio dura nyingi za Asia. Pisifera nyingi zinazotumika huko zina asili ya mti mmoja wa Eala, karibu na Mbandaka. Hata mdudu anayebeba chavua alipelekwa Malaysia kutoka Kameruni mwaka 1981. Kabla yake watu walipaka chavua kwa mikono. Leo Malaysia na Indonesia hutoa zaidi ya nne kwa tano ya mawese yote ya dunia, na sisi tuliokuwa na mti, mdudu na Yangambi mara nyingi tunanunua mafuta yao sokoni kwa chupa. Hilo kila mtu alipime mwenyewe.

JENI YENYEWE KUONEKANA

Beirnaert na mwenzake walijua hesabu, lakini hawakujua kijiwe chenyewe ni kitu gani. Ilichukua zaidi ya miaka 70. Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia pamoja na wenzao wa Marekani walitangaza kwamba wamesoma urithi wote wa mchikichi, na wameipata jeni ya ganda. Urithi huo umeandikwa katika kila seli ya mti kwa kitu kiitwacho DNA, ambacho ni kama maandishi yenye herufi nne tu. Mchikichi una herufi kama bilioni 1.8, na katika pisifera kosa la herufi moja ndani ya jeni moja linatosha kuondoa ganda.

Faida yake ni ya haraka. Kipande cha jani la mche mdogo kikipelekwa maabara, kinaonyesha kama mche huo ni dura, tenera au pisifera, wakati bado uko kwenye kifuko cha kitalu. Mkulima hasubiri miaka mitatu au minne kujua kwamba alidanganywa.

MITI YA CHUPANI ILIYOHARIBIKA

Sasa tufike kwenye neno ambalo vijana wa biokimia huulizia zaidi: epijenetiki.

Tangu miaka ya 1970 watafiti walianza kuzidisha michikichi bila mbegu. Huchukua kipande kidogo cha mti bora sana, hukikuza katika chupa yenye chakula cha mimea, kikageuka kuwa miche mingi. Kila mche una urithi uleule wa mti ule bora, herufi kwa herufi. Hakuna bahati nasibu ya vijiwe. Watu wakatumaini mashamba yaliyo sawa kuanzia mti wa kwanza hadi wa mwisho.

Lakini katika miaka ya 1980 baadhi ya miti hiyo ilipoanza kuzaa, matunda yalikuwa ya ajabu, yamezungukwa na vidole vya nyama pembeni kama tunda lililovaa joho. Mengi hayakufika mwisho na mafuta yalipungua sana. Ajabu ya pili: baadhi ya miti hiyo, baada ya miaka, ilirudi yenyewe kuzaa matunda ya kawaida. Kosa la herufi haliponi namna hiyo. Kwa hiyo herufi hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa wapi?

Fikirini kitabu kimoja kikubwa ambacho nakala yake iko katika kila seli. Mzizi unasoma kurasa zake, jani kurasa zake, ua kurasa zake. Kurasa ambazo hazitakiwi zimebanwa kwa pini ili zisifunguke. Kwenye DNA pini hizo ni alama ndogo za kikemia ziitwazo metili, zinazobandikwa juu ya herufi. Herufi hazibadiliki, kinachobadilika ni ukurasa upi unasomeka. Elimu ya pini hizo ndiyo epijenetiki. Pini zikidondoka wakati kipande cha mti kinakuzwa chupani, ukurasa uliofungwa unafunguka, na mti unasoma maneno ambayo haukutakiwa kuyasoma.

Mwaka 2015 kundi la watafiti wakiongozwa na mama mmoja wa Malaysia, Meilina Ong-Abdullah, lilionyesha pini ipi iliyodondoka. Ndani ya jeni moja ya maua kuna kipande kigeni kiitwacho Karma. Karma ikiwa imebanwa kwa metili, matunda ni mazuri. Ikiwa imefunguka, jeni ile inasomwa vibaya na matunda yanaharibika. Kipande cha jani la mche kinatosha kuipima.

Karma ni mojawapo ya jeni zinazoruka, yaani vipande vya urithi vinavyoweza kuhama kutoka mahali kwenda mahali. Vilivumbuliwa na mwanamke mwingine, Barbara McClintock wa Marekani, katika miaka ya 1940, kwa kuangalia mahindi ya rangi rangi, yale ambayo punje moja ni ya zambarau na nyingine ina madoa. Wenzake wengi hawakumwelewa. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nobeli, akiwa amekwisha pita umri wa miaka 80. Wasichana wetu wanaoambiwa kwamba hesabu na biolojia si mambo yao wayasikie majina haya mawili.

NA MIHOGO?

Msidhani kila jambo la ajabu katika mimea ni pini. Mihogo inatufundisha. Ugonjwa wa mozaiki, unaoitwa pia batobato, hukunja majani na kuyatia madoa ya njano. Huletwa na virusi na kusambazwa na inzi weupe na vipandikizi vyenye ugonjwa. Kuna mihogo ya wakulima wa Afrika ya Magharibi inayouvumilia vizuri, na uvumilivu wake umetumika sana kuzalisha aina mpya. Mwaka 2016 watafiti walitangaza jambo la kusikitisha: mihogo hiyo ikipitishwa chupani kwa njia fulani ya kuikuza upya, inapoteza uvumilivu wake na kuugua kama mingine.

Kila mtu alifikiri ni pini, kama michikichi. Wakazisoma alama za metili katika urithi wote wa muhogo. Hawakuona sababu. Wakarudi kwenye herufi, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba uvumilivu ule unatokana na badiliko la herufi moja katika jeni inayosaidia kunakili DNA. Binafsi hadithi hii naipenda kuliko ya mchikichi, kwa sababu watu walikuwa na jibu zuri mkononi, wakalipima, wakaliacha.

Kwa mkulima wa kawaida jambo la kushika ni jepesi: usichukue kipandikizi kwenye shina lenye majani yaliyokunjamana, hata kama shina lenyewe ni nene.

KAZI ZILIZOPO

Turudi kwa wazazi. Kazi hizi si za maprofesa peke yao. Kuvisha maua mifuko, kupuliza chavua na kutunza kitabu cha kumbukumbu kunahitaji mtu mwaminifu, mwenye mkono mwepesi na mwandiko unaosomeka. Kitalu, au pepinieri kama tunavyosema, kinahitaji mtu anayejua kutenga miche mibaya mapema. Maabara za kukuza miche chupani, hasa ya ndizi na viazi, zinahitaji mafundi wanaoweza kukaa saa nyingi wakikata vipande vidogo bila kuingiza uchafu. Juu yao wapo wakaguzi wa mbegu, wainjinia wa kilimo, na wale wanaosoma herufi za jeni kwa kompyuta. Kazi hii ya mwisho ni mpya na haina mipaka mingi: urithi wa mchikichi uliotangazwa mwaka 2013 umewekwa wazi kwenye intaneti, na mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuufungua bila kulipa.

Taasisi za eneo letu zinajulikana. Hapa Burundi kuna ISABU kwa utafiti, na Chuo Kikuu cha Burundi kinafundisha kilimo. Kongo kuna INERA, na chuo cha kilimo chenye jina la Yangambi. Kigoma, Tanzania, kuna kituo cha TARI Kihinga. Tangu Serikali ya Tanzania ilipoanza mpango wa kufufua zao la michikichi mwaka 2018, kituo hicho kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera kwa wakulima. Uganda kuna Namulonge, wanaojulikana kwa utafiti wa mihogo.

Hatusemi kwamba milango iko wazi. Njia ni ndefu: miaka ya chuo, Kifaransa kizuri, na Kiingereza pia kwa sababu matokeo mengi ya utafiti huandikwa kwa lugha hiyo. Sheria za kazi kwa mkimbizi hutofautiana nchi kwa nchi, na vyuo vingi hutaka diplomu itambuliwe rasmi kabla ya kumwandikisha mtu. Kwa masomo ya juu kuna burse ya DAFI, iliyoanzishwa mwaka 1992, inayosimamiwa na HCR kwa msaada mkubwa wa Ujerumani na kupewa jina la Albert Einstein, naye alikuwa mkimbizi. Imesomesha maelfu ya vijana wakimbizi katika nchi nyingi. Wanaoomba huwa wengi kuliko nafasi, na nafasi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ulizeni ofisi ya elimu kabla ya kuanza kuandika.

Fomu za burse hazilipiwi. Mtu yeyote anayedai pesa, simu au kitu kingine ili akuingizie jina kwenye orodha ni mwizi, hata kama amevaa kofia yenye alama ya shirika. Mtoeni taarifa.

Wanaotaka kujiandaa waanze na makaratasi. Wekeni diplomu, bulletini za miaka miwili ya mwisho na kitambulisho cha mkimbizi katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na tengenezeni nakala mbili. Angalieni kwamba jina limeandikwa sawa kila mahali. Herufi moja ikitofautiana kati ya diplomu na kitambulisho, jina lenu litarudishwa. Waliopoteza diplomu wakati wa kukimbia wasikae kimya nyumbani. Waje na jina la shule, mwaka wa mtihani wa Serikali na namba yao kama wanaikumbuka, ili tuanze kuifuatilia pamoja.